Msitu wa Urithi: Je, Sharia Inataka Ukatwe Vipande?

Sifa njema zote ni za Mwenye Enzi Mungu, Aliyeipa ardhi utulivu kwa milima na kutoa ndani yake maji na malisho. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja Muislamu aliyeko Embu. Tuliisoma katika darasa letu baada ya sala ya Isha, na mazungumzo yake yakatukalisha mpaka msikiti ukataka kufungwa. Tumeona vyema kulichapa jibu hapa, kwani suala lake, ingawa limetoka mlimani, linawahusu watu wa pwani kwa nyuso zote mbili: katika maji tunayoyangojea na katika mashamba tuliyoachiwa na wazee wetu.

Ndugu huyo asema kwamba baba yao amefariki, akaacha mjane, watoto wanne wa kiume na wawili wa kike, wote Waislamu, na shamba la ekari nane mtelemkoni. Ekari tano ni za kahawa na chakula. Ekari tatu zilizobaki ni msitu wa asili ambao babu yao hakuukata wala baba yao hakuukata, na chini yake pana chemchemi wanayoteka majirani wa pande zote. Sasa ndugu zake wataka aitwe mpimaji, na msitu nao ugawanywe kama kahawa, kila mmoja apewe ukanda wake kutoka juu mpaka mtoni. Mmoja wao amekwisha mpata mnunuzi wa mbao na makaa. Auliza: je, nikisema msitu huu usikatwe vipande, nitakuwa nimeipinga hukumu ya Mwenyezi Mungu ya mirathi? Na suala lake la pili: pembezoni mwa msitu huo umesimama mti mkubwa wa mugumo, ambao wazee wa zamani walikuwa wakichinja chini yake. Ndugu yake mwengine husema kuufyeka msitu mzima ni thawabu, kwa kuwa ni kuing'oa shirki.

Wengi katika wasomaji wetu huijua nchi ya Meru kwa miraa tu, inayoshuka kwa magari usiku na mchana kutoka Igembe, na juu ya hiyo miraa tumekwisha sema mara nyingi na hatutaki kurudia leo. Lakini nchi ile hutuletea na kitu kingine kisichopigiwa kelele sokoni. Mto Rupingazi hushuka Embu, ukaingia Thiba, na Thiba ukaingia Tana. Mutonga na Kathita, itokayo upande wa Meru, nayo humwaga maji yake katika Tana hiyo hiyo. Na Tana mwisho wake ni Kipini. Mtu wa Tana Delta alimapo mpunga wake, au wa Ngao apandapo miembe yake ukingoni, anaishi juu ya mvua iliyonyesha Mlima Kenya, ikashikwa na mizizi ya miti asiyoijua. (Ndugu zetu wa Malindi wasituandikie kuwa mto wao ni Sabaki. Twajua, Sabaki ni Athi, na hiyo nayo ina kesi yake.)

Zamani katika nchi za Embu, Mbeere na Meru ardhi ilishikwa kwa ukoo. Mtu alikuwa na mahali pake pa kulima, na hapana aliyemnyang'anya. Lakini palikuwa na malisho ya wote, na palikuwa na vichaka vilivyoachwa visiguswe. Katika Meru baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilikuwa likiwatoza faini waliokata pasipo ruhusa. Kisha mwaka 1954, katika siku za Hali ya Hatari, serikali ya Kiingereza ilitoa mpango uliotungwa na Bwana R. J. M. Swynnerton wa idara ya kilimo, na shabaha yake ilikuwa kila mkulima awe na shamba lake moja lenye mipaka na hati. Serikali ya uhuru haikuuacha mwendo huo. Iliikuta Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963, na yenyewe ikaongeza ya mwaka 1968 ya kuamua haki za watu katika ardhi za koo. Katika Mbeere kazi hiyo ilifanyika khasa katika miaka ya 1970.

Ikawaje? Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Jack Glazier, aliyewachunguza Wambeere, ameeleza jinsi koo zilivyoshitakiana, na jinsi nasaba zilivyovutwa na kurefushwa ili watu wapate kuwa wengi mbele ya kamati ya ardhi. Na wengine wawili, David Brokensha na Bernard Riley, waliotazama miti yenyewe, wameandika kwamba upimaji ulikwenda pamoja na shoka. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mpaka usipokwisha kuwekwa, anayekhofia kushindwa hukata ili asimwachie mwenziwe. Ukishawekwa, msitu uliokuwa mmoja huwa wa watu kumi, na hapana katika hao kumi aonaye kuwa chake ni msitu; huona ana miti kadhaa. Ada ya skuli ikifika, miti ile ni makaa. Vile vichaka vya zamani viliangukia ndani ya mashamba ya watu, na vingi vikatoweka, maana ukoo uliokuwa ukivichunga haukuwa na jina katika daftari la serikali.

Haki yataka tuseme na upande wa pili, kwani sisi hatutaki msomaji adhani kuwa hati ya shamba ni jambo baya. Aliyepewa chake alipanda. Leo ukipita barabara ya Embu hata Meru utaona mistari ya migrivea, mti ulioletwa kutoka Australia, imezunguka karibu kila shamba, na mbao nyingi za nchi hii hutoka katika mashamba ya watu wadogo namna hii. Hilo ni jema, nalo ni matunda ya milki. Wala msitu kuwa wa serikali si dawa kwa nafsi yake: mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipima kwa ndege uharibifu wa misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, ambayo haikuwa ya mtu binafsi hata mmoja, na waliyoyaona huko, ya magogo na tanuri za makaa na mashamba ya bangi, yaliifedhehi serikali yenyewe. Basi ugonjwa haumo katika neno "changu" wala dawa haimo katika neno "cha serikali". Lakini mstari wa migrivea mpakani hauifanyi kazi ya msitu juu ya chemchemi. Na wapo waliopanda mikaratusi mahali pale pale palipokuwa na msitu, nayo ikanywa maji mpaka mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, akaamuru iondolewe kandokando ya mito.

Sasa tuitazame hesabu ya ndugu yetu, kwani mirathi ni elimu ya hesabu. Mjane ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Yanayobaki hugawanywa mafungu kumi: kila mtoto wa kiume mawili, na kila wa kike moja. Katika ekari nane mama atapata ekari moja. Kila mtoto wa kiume ekari moja na sehemu nne katika kumi. Kila wa kike sehemu saba katika kumi ya ekari. Hayo ni ya shamba zima. Katika ekari tatu za msitu peke yake, mtoto wa kiume atapata kama nusu ekari, na wa kike kama robo. Robo ekari ya msitu ni kitu gani? Ni miti michache katika ukanda mwembamba ulioteremka mlima, na kwa mmoja wao tu chini yake mna chemchemi. Yule mwenye chemchemi akifyeka, maji yatakauka kwa wote. Na wale sita wengine wakifyeka, yeye hata akihifadhi ukanda wake maji yatakauka vile vile.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mwenye Enzi Mungu katika Sura ya An-Nisaa ametaja mafungu, nusu na robo na thumni na theluthi, na amezifanya hizo kuwa mipaka yake. Hakutaja kamba ya mpimaji. Fungu la mirathi huthibiti tangu roho ilipotoka, na mwenye fungu ni mmiliki hata kama hapajawekwa jiwe la mpaka. Washirika wanaweza kumiliki kitu kimoja kwa hisa zinazojulikana, kila mmoja akajua chake ni kumi kwa mia au ishirini, na kitu kikabaki kizima. Wanavyuoni wameiita milki hiyo mushaa, na vitabu vyetu vya Kishafii vimejaa hukumu zake. Bali haki ya shufaa yenyewe, nayo ni haki ya mshirika kulinunua fungu la mwenziwe kabla halijatoka nje, katika madhehebu yetu ni ya mshirika ambaye kitu chao hakijagawanywa. Mipaka ikishawekwa, haki hiyo imekwenda. Kwa hivyo ndugu hawa wakiukata msitu vipande, watakuwa pia wameitupa haki ya kumzuia yule mnunuzi wa makaa asiingie baina yao.

Tena Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho Lamu na Mombasa na Unguja na kila mahali penye darasa, amezungumza juu ya vitu ambavyo kuvigawa ni kuviharibu. Ametoa mfano wa johari ya thamani na jozi ya khofu, na akataja hamamu ndogo na kinu kidogo ambavyo vikigawanywa manufaa yake yaliyokusudiwa hubatilika, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi atakaye kugawa vitu hivyo haitikiwi. Hatudai kuwa Imamu ametaja msitu. Ardhi kwa asili yake ni kitu kigawanyikacho, na mashamba ya kahawa yagawanywe bila ya wasiwasi. Lakini msitu juu ya chemchemi twauona uko karibu zaidi na kinu kuliko shamba, kwani miti yaweza kuhesabiwa na kugawanywa, ama kazi ya msitu, ya kuyashika maji na udongo, haigawanyiki. Anayeona vinginevyo katika wanavyuoni wetu na atuandikie. Tutaichapa hoja yake.

Na jambo hili lina asili kubwa kuliko kinu. Nchi ya Sawad ya Iraki ilipofunguliwa, katika masahaba palikuwa na waliotaka igawanywe kwa askari, na katika waliosimama imara kwa rai hiyo alikuwamo Bilal, R.A. Sayyidna Umar, R.A., aliona kwamba ikigawanywa, watakaokuja baadaye wataikuta nchi imekwisha rithiwa na hawana kitu, akaishika hoja yake kutoka Sura ya Al-Hashr, pale wanapotajwa watakaokuja nyuma. Imamu Shafii ameichukua khabari hii kwa njia yake: yeye asema Umar aliigawa kwanza, kwa kuwa ni haki yao, kisha akawataka radhi wenye mafungu, nao wakaridhia, akaifanya wakfu. Tunapenda ndugu yetu wa Embu aishike kauli hii ya Imamu wetu, kwani inamfaa khasa: haki ya kila mmoja kwanza ithibiti, ijulikane, iandikwe, kisha kwa radhi yao, si kwa nguvu, kitu kibaki kimoja.

Neno hilo la radhi tunataka kulisimamia kidogo, maana twawajua watu wetu. Wako watakaoyasoma haya wakafurahi kwa sababu mbaya. Hapa kwetu pwani ni mashamba mangapi ya minazi yanayoitwa "shamba la urithi", ambayo hayakugawanywa miaka thalathini, na kaka mkubwa ndiye aangushaye nazi na kuuza, na dada zake wanapofika Iddi hupewa kikapu kimoja cha madafu na kuambiwa wamshukuru? Hiyo si mushaa. Hiyo ni dhulma iliyovishwa nguo ya umoja. Katika Embu na Meru nako, mila ya zamani ilimpa ardhi mtoto wa kiume, na ndugu yetu mwenyewe amekiri katika barua yake kwamba dada zake wawili hawakuitwa katika kikao cha kwanza. Basi tunamwambia waziwazi: ukitaka msitu ubaki mzima, anza kwa kuwaita dada zako na mama yako. Thumni ya mama na mafungu ya dada zako yaandikwe kabla ya yako. Msitu ukizaa, iwe asali au kuni za matawi makavu au mti mmoja mkubwa ulioanguka kwa upepo, thamani yake igawanywe kwa hesabu ile ile. Dada mmoja akisema ana shida, hataki hisa ya msitu, ataka fedha, ni haki yake, nanyi ndugu mnunulieni kwa bei ya haki, wala msimwambie asubiri. Asiyeweza kuyatimiza haya, kwa rai yetu ni kheri mpimaji aje.

Katika Sura ya Al-Qalam mna kisa cha wenye bustani, nacho hatujapata kukisoma kwa macho ya warithi mpaka barua hii ilipotufikia. Wafasiri wasimulia kuwa baba yao alikuwa mtu mwema, akiwaachia maskini haki yao katika mavuno. Alipokufa, wanawe walihesabu wakaona wao ni wengi na mali ni chache, wakaapa kuvuna alfajiri mapema, wakenda wakinong'onezana asije maskini akaingia siku hiyo. Usiku, nao wamelala, bustani ilizungukwa na maangamizi, wakaikuta asubuhi kama iliyokatwa. Tazama hoja yao: sisi ni wengi, mali ni chache. Ni hoja ile ile ya ndugu wa Embu, nayo si ya uwongo. Ekari nane kwa watu saba ni chache kweli. Na aliyesahauliwa ni yule yule. Majirani watekao maji chini ya msitu hawamo katika mirathi, hawana fungu, wala mpimaji hatawauliza, lakini wana haki. Mtume, S.A.W., amewafanya watu kuwa washirika katika maji na majani na moto, na amekataza kudhuru na kulipiza madhara.

Ama lile la mugumo. Tumeshangaa, na baadhi yetu wamekasirika, kuona tauhidi inafanywa kibali cha kuchoma makaa. Kuchinja kwa ajili ya mti ni shirki, hatuna shaka nalo wala hatulionei haya kulisema. Lakini huo si mti uliochinja. Kama pale bado pana watu wanaochinja, na wasomeshwe. Kama mugumo ule mmoja unaendelea kuabudiwa, na ikathibiti kuwa hapana njia ya kuikata fitina hiyo illa kuukata mti, basi hukumu ni ya mti mmoja, baada ya kuwauliza wanavyuoni, nayo haizifikii ekari tatu nyuma yake. Kwa maelezo ya barua, hapana aliyechinja pale tangu babu yao aliposilimu. Ikiwa ni hivyo, mugumo leo ni kivuli tu. Abu Daud amepokea hadithi yenye onyo kali la moto kwa akataye mkunazi, kisha mwenyewe akaifasiri kuwa ni mkunazi ulioko jangwani, wanaopumzikia wasafiri na wanyama, ukakatwa bure kwa dhulma pasipo haki. Mtu na apime mwenyewe kati ya mkunazi ule na msitu unaowanywesha majirani.

Hapa pwani neno hili latuhusu bila ya kuzunguka. Kaya za Wamijikenda, ambazo serikali ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na ambazo kadhaa ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, ziko nyuma ya miji yetu. Tumewasikia Waislamu wakisema wazi kuwa misitu ile ni ya mashetani na bora iwe viwanja. Aghlabu asemaye hivyo amekwisha kiona kiwanja chake.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Hujaipinga mirathi ukitaka msitu ubaki mzima, madhali mafungu yamethibiti. Nendeni wote saba mbele ya kadhi, kwani Katiba ya mwaka 2010 imempa kadhi hukumu ya mirathi baina ya Waislamu wanaoikubali mahakama yake, na mafungu yaandikwe. Ekari tano za kahawa zigawanywe, na kibali cha Bodi ya Ardhi mkitafute kama ilivyo Sheria ya mwaka 1967. Ekari tatu zipate hati yake mbali, yenye majina yote saba. Na hapa jihadharini sana: sheria ya nchi ya mwaka 2012 inajua namna mbili za kumiliki pamoja. Katika moja, mshirika akifa fungu lake huwarudia washirika waliobaki, na watoto wake hawapati kitu. Hiyo inaibatilisha mirathi, msiitie saini hata karani akisema ni nyepesi. Katika ya pili, kila mmoja ana hisa yake iliyotajwa, na akifa hisa hiyo huwaendea warithi wake. Hiyo ndiyo yenu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 nayo yaruhusu msitu wa mtu binafsi kuandikishwa, na mwenye kuuandikisha hupata kushauriwa na watu wa misitu. Wakipenda wote kuufanya wakfu wa maji kwa majirani, kama Sayyidna Umar alivyoifanya ardhi yake ya Khaibar kwa nasaha ya Mtume, S.A.W., hilo ni bora zaidi. Lakini hatuwalazimishi watu wenye ekari nane.

Na huyo ndugu mwenye mnunuzi wa makaa msimtukane. Barua yasema ana watoto watatu wa skuli na kahawa yake ya mwaka jana haijalipwa. Ndugu wengine wanunue hisa yake ya msitu, walau kidogo kidogo kila msimu, au wamzidishie katika kahawa kwa kadiri ya thamani yake. Darasa letu limekusanya kitu kidogo kwa ajili hiyo, nacho tumempa, pamoja na nakala ya jibu hili, ndugu mmoja asafiriye Embu juma hili, ili kimfikie kabla ya siku ya mpimaji.

Wallahu aalam.